Kompyuta Mpya Haina Mlango wa CD

Katika nyumba nyingi za Bariadi mjini, chini ya televisheni kuna droo ambayo haijavutwa siku nyingi. Ndani mna CD na DVD zimebebana kama chapati: harusi ya mtoto wa kwanza, sendofu ya dada yake, filamu za mwigizaji Steven Kanumba, kwaya za kanisa la AIC, ngoma za mbina za Kisukuma zilizonunuliwa mnadani. Nyingine zina kasha na picha ya rangi. Nyingine hazina chochote zaidi ya maandishi ya kalamu nene, "HARUSI 2/3", na hakuna anayekumbuka 1/3 iliazimwa na nani. Deki iliyokuwa ikizicheza ilikufa zamani. Ilipelekwa kwa fundi, fundi akaifungua, akatoa vipuri vya kuokolea deki ya mwingine, habari yake ikaishia hapo. Kompyuta ipo, tena mpya. Lakini izungushe pande zote nne, huoni pa kuingizia CD.

Ndipo linapokuja swali ambalo wauzaji wa kompyuta walidhani limeshazikwa: ninunue draivu gani ya DVD?

Jibu fupi lipo, na litolewe mapema ili mwenye haraka aende zake. Nunua draivu ya nje, ya DVD, inayochomekwa kwa waya wa USB, yenye trei na yenye uwezo wa kuandika. Usilipie Blu-ray. Maelezo yanayofuata ni ya sababu zake, pamoja na mitego inayomrudisha mtu dukani. Na kurudi dukani si jambo dogo kwa mtu wa mkoa wa Simiyu. Wa Dar es Salaam akikosea hurudi Kariakoo kesho yake. Wa Mwanhuzi au Lagangabilili aliyenunua kifaa Mwanza akikosea anapanda basi upya, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kula nusu ya bei ya kile alichokifuata.

Mkoa wenyewe na kifo cha CD ni kama watoto wa rika moja. Simiyu ilianzishwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, kwa kuunganisha Bariadi, Maswa na Meatu zilizotoka Shinyanga, Busega iliyotoka upande wa Magu mkoani Mwanza, na wilaya mpya ya Itilima. Aprili 7 mwaka huohuo Kanumba alifariki, wakati biashara ya filamu za Kibongo kwenye DVD ikiwa imepamba moto. Oktoba, Microsoft ikatoa Windows 8, ambayo tofauti na matoleo mengi ya Windows 7 haikuja na uwezo wa kucheza DVD. Apple walikuwa wametangulia: mwaka 2008 walitoa MacBook Air isiyo na draivu kabisa, na watengenezaji wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine, kwa sababu draivu ni nzito, ni nene, na inakula nafasi ambayo ingetosha betri kubwa zaidi. Kwa hiyo maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofika Nyakabindi mwaka 2018, aliyetaka nyimbo za wasanii wa Kisukuma alikuwa tayari ameshazoea kuingiziwa kwenye flashi au kadi ya simu.

CD zilizotangulia, hata hivyo, hazikuhama zenyewe kwenda kwenye flashi. Zimebaki kwenye droo.

Si harusi tu zilizokwama huko. Mwenye steshenari ananunua printa mpya, anafungua boksi, anakuta CD ya programu ya kuiendesha. Kompyuta yake haina pa kuiweka, na njia mbadala ni kuipakua kwa bando. Mgonjwa aliyepigwa picha ya CT au MRI katika hospitali kubwa anaweza kukabidhiwa CD aipeleke kwa daktari mwingine, na picha zilizomo zina ubora ambao ile karatasi ya filamu haiufikii. Kwaya ya kanisa ina albamu iliyorekodiwa miaka 15 iliyopita, studio iliyoirekodi imefungwa, na nakala safi iliyobaki ni moja tu, kwa mzee wa kanisa. Wapo pia waliokua wakitazama sinema za nje kwa sauti ya Lufufu, yule mfasiri wa vibanda vya video aliyekuwa akimpa kila mwigizaji wa Marekani au China maneno ya Kiswahili ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Sauti ile ukiikosa kwenye diski, huipati kwenye filamu halisi.

Ili kuchagua vizuri, inafaa kujua kidogo kinachofanyika humo ndani. CD ilianza kuuzwa mwaka 1982, kazi ya pamoja ya Philips wa Uholanzi na Sony wa Japani. Ina upana wa sentimita 12 na hubeba MB 700 hivi, yaani muziki wa dakika 80. Taarifa zimepangwa kwenye mstari mmoja unaozunguka kama koili ya mbu, ukianzia katikati kwenda nje, kinyume na santuri za babu. Ukiweza kuukunjua mstari wa CD iliyojaa, urefu wake unazidi kilomita 5. DVD iliyofuata mwaka 1996 ina upana uleule lakini hubeba GB 4.7 kwenye tabaka moja na GB 8.5 kwenye mawili. Blu-ray ya mwaka 2006 hubeba GB 25 au 50. Kilichobadilika ni mwanga. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780 ambayo jicho haliioni vizuri, DVD kwa leza nyekundu ya nanomita 650, Blu-ray kwa leza ya zambarau ya nanomita 405. Kadiri wimbi la mwanga linavyokuwa fupi, ndivyo alama zinavyoweza kuwa ndogo na mistari kusogeleana.

Hiyo ndiyo sababu draivu ya DVD husoma na CD: imewekewa leza zote mbili. Na ndiyo sababu haitasoma Blu-ray hata ukiipangusa kutwa nzima. Draivu ya Blu-ray husoma zote tatu, ila bei yake ni mara kadhaa ya ile ya DVD, na katika droo ya kawaida ya Bariadi huenda hakuna hata Blu-ray moja. Teknolojia yenyewe inaelekea mlangoni: Februari 2025 Sony iliacha kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia. Kama huna diski hizo, usinunue mlango wa chumba usichokuwa nacho.

Sasa, ya ndani au ya nje?

Ya ndani inamfaa mtu mmoja tu: mwenye kompyuta ya mezani yenye nafasi wazi ya kuiweka. Kompyuta za mezani za mtumba, zile Dell na HP zilizostaafishwa kwenye ofisi za Ulaya, ziko za maumbo mawili. Lile boksi kubwa linalosimama hupokea draivu nene ya inchi 5.25, ya bei nafuu, imara, inayosoma CD kwa kasi hata ya mara 48. Boksi dogo la kulala hupokea draivu nyembamba ya kompyuta mpakato, na hapo ndipo watu hujikwaa. Draivu nyembamba ziko za unene wa milimita 12.7 na za milimita 9.5. Kwa macho zinafanana. Kwenye tundu, ile nene haiingii, na ile nyembamba inacheza kama jino bovu. Tofauti ni milimita 3.2, na rula ya mtoto wa shule inatosha kuipima kabla ya safari.

Angalia pia waya. Draivu za siku hizi hutumia SATA, kiunganishi chembamba chenye umbo la herufi L. Ukipewa draivu yenye meno mengi nyuma, ya waya mpana bapa wenye matundu 40, hiyo ni IDE ya enzi za Windows XP; mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia. Wapo wauzaji ambao bado wanazo kwenye maboksi chini ya meza, na huzitoa kwa uso wa mtu anayekufanyia hisani.

Kwa mpakato ya mtumba kuna mtego wake. Vuta trei kabla hujalipa. Baadhi ya mpakato hizo zilishatolewa draivu, nafasi yake ikawekewa kipande cha plastiki chenye sura ileile, au fremu ya kubebea diski ya pili ya kuhifadhia mafaili. Kwa nje zina kistari na kitufe kama kawaida. Kitufe hakibonyei.

Draivu ya nje inamaliza maswali hayo yote kwa mkupuo. Ni ileile draivu nyembamba ya mpakato, ikiwa imevishwa kasha la plastiki pamoja na kibao kidogo cha saketi kinachoigeuza iongee lugha ya USB. Leo inatumika kwenye mpakato ya nyumbani, kesho kwenye kompyuta ya steshenari, keshokutwa kwa jirani. Umeme ukikatika, inaendelea kula betri ya mpakato bila kushtuka. Na kama mpakato yako ya zamani imekufa lakini draivu yake ni nzima, makasha matupu yanauzwa. Fundi anaitoa kwenye maiti, anaivalisha kasha, unaondoka nayo kwa gharama ndogo kuliko ya mpya. Unene ule wa milimita 12.7 na 9.5 unahusika hapa pia, maana makasha nayo yana vipimo vyake.

Kasoro yake kubwa ni njaa ya umeme, na hili linastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa malalamiko mengi ya "draivu mbovu" huwa ni ya waya. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa hadi miliampia 500 kwa volti 5, ambazo ni wati 2.5. USB 3.0, ambayo kwenye kompyuta nyingi tundu lake lina ulimi wa buluu, hutoa hadi miliampia 900. Draivu ikiwa imetulia hutosheka na kidogo. Lakini sekunde ile mota inapoinyanyua diski kutoka kusimama, au leza inapoongezewa nguvu ili iandike, mahitaji hupanda ghafla. Tundu likiwa dhaifu, utasikia draivu inaguna, inanyamaza, inaguna tena. Kwenye skrini inaonekana, inapotea, inarudi. Mtu anahitimisha kuwa ameuziwa kimeo. Kabla ya kuhitimisha, ihamishe kwenye tundu la nyuma ya kompyuta ya mezani, lililo kwenye ubao wenyewe, badala ya la mbele linalopitia waya mrefu wa ndani. Kwenye mpakato, jaribu upande wa pili. Usiipitishe kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Ukiweza kupata draivu yenye waya wa vichwa viwili, kimoja cha data na kimoja cha kuongezea umeme, ichukue hiyo.

Kuna draivu ambazo waya wake umeunganishwa moja kwa moja na kasha, mfupi kama mkia wa mbuzi, na hujikunja ndani ya kijifereji upande wa chini. Zinapendeza. Waya ule ukikatika ndani kwa kukunjwa kila siku, kifaa chote kimekwisha. Yenye tundu la kuchomeka waya wa kawaida haina urembo huo, lakini waya wake hununuliwa popote. Angalia vilevile kichwa cha waya: mpakato mpya kabisa huenda ina matundu madogo ya USB-C tu, yale yanayofanana na ya chaja ya simu za sasa.

Trei nayo ina sababu yake. Zipo draivu za nje zinazomeza diski kupitia mwanya, kama redio za magari. Ni nzuri machoni. Lakini ndani ya droo ile mara nyingine mna DVD ndogo za sentimita 8, zilizotoka kwenye kamera za mkononi za miaka ya 2000, na diski ya namna hiyo ikishaingia kwenye mwanya hairudi bila bisibisi. Trei ina kishimo cha duara dogo katikati kwa ajili yake. Zaidi ya hapo, trei ina kitundu usoni, kidogo kuliko punje ya mtama. Draivu ikigoma kufunguka, unanyoosha klipu ya karatasi, unaichomeka taratibu mpaka uhisi ukinzani, trei inachomoza. Kwenye draivu nyembamba diski huwekwa juu ya kitovu chenye vimeno vitatu, na lazima uibonyeze katikati mpaka isikike "ta". Usipoisikia, usifunge.

Majina kwenye kasha yasikuchanganye. Draivu yoyote mpya ya kuandikia DVD leo husoma na kuandika aina zote, zenye alama ya kutoa na zenye alama ya kujumlisha. Ule ugomvi wa DVD-R na DVD+R ulishaisha. Nembo iliyochapwa juu pia haina uzito sana, kwani viwanda vinavyotengeneza mashine ya ndani vimebaki vichache. Ichomeke draivu, fungua orodha ya vifaa kwenye Windows, usome jina lake halisi. Ukiona HL-DT-ST, hiyo ni Hitachi na LG. TSSTcorp ni Toshiba na Samsung. PLDS ni Philips na Lite-On. MATSHITA ni Matsushita, kampuni ambayo dunia inaijua kwa jina la Panasonic. Ni njia nzuri ya kujua kilichojificha ndani ya kasha lisilo na jina.

Ukienda kununua, usiende mikono mitupu. Beba diski mbili unazozijua: moja halisi ya kiwandani, nyingine ya kuchomwa nyumbani, tena iliyochakaa kidogo. Diski ya kiwandani ina vishimo halisi vilivyogandamizwa kwenye plastiki na huakisi mwanga kwa nguvu. Ya kuchomwa ina rangi iliyounguzwa na leza, na uakisi wake ni hafifu. Draivu iliyochoka husoma ya kwanza bila taabu, ikagoma kwenye ya pili. Muuzaji atakujaribishia kwa diski yake, na hiyo itacheza. Jaribisha kwa ya kwako.

Kasi zinazotangazwa kwenye boksi ni za kilele. Mara moja ya CD ni KB 150 kwa sekunde, mara moja ya DVD ni KB 1,385 kwa sekunde, kwa hiyo "8x" ya DVD ni kasi kubwa kuliko "52x" ya CD. Draivu za nje nyingi ni 24x kwa CD na 8x kwa DVD. Kwa vitendo, CD iliyojaa na isiyo na mikwaruzo huhamishwa kwa dakika 4 hadi 6, DVD kwa dakika 10 hadi 15. Hakuna haja ya kulipia zaidi ya hapo. Jambo la kuangalia ni ufa kwenye diski, hasa ule unaoanzia kwenye tundu la katikati: diski huzungushwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, na yenye ufa inaweza kupasuka vipandevipande humo ndani.

Baada ya kununua, ya kwanza kufanya ni kuweka VLC, programu ya bure inayocheza karibu kila kitu kilichowahi kuwekwa kwenye diski. Kisha zijue sura za vitu. DVD ya harusi ukiifungua kwenye kompyuta utakuta folda ya VIDEO_TS, ndani yake mafaili makubwa yanayoishia VOB, kila moja likiwa halizidi GB 1. Zile za zamani zaidi, ambazo filamu moja ilikuja kwa CD mbili, ni VCD: kila moja hubeba dakika 74 au 80 za picha, na video yake iko kwenye folda ya MPEGAV, ndani ya faili linaloishia DAT. VLC hulicheza.

CD ya muziki ndiyo yenye udanganyifu. Ukiifungua utaona Track01.cda, Track02.cda, na kuendelea. Watu wamezinakili hizo kwenye flashi, wakafurahi kwamba nyimbo 12 zimehama ndani ya sekunde moja, wakatupa CD. Faili la cda lina baiti 44 tu. Halina wimbo, linataja tu mahali wimbo ulipo kwenye CD. Ili kuutoa wimbo wenyewe, tumia Windows Media Player au programu nyingine yenye kazi ya kuhamisha nyimbo kutoka kwenye CD, uchague MP3, usubiri dakika kadhaa. Kisha chomoa CD, cheza faili, usikilize mpaka mwisho. Ndipo uamini.

Msimbo wa kanda huwasumbua wachache. DVD halisi za kampuni kubwa za filamu hugawiwa kanda za dunia. Tanzania iko kanda ya 5, Ulaya ya 2, Marekani ya 1. Draivu inakuruhusu kubadili kanda mara 5, baada ya hapo inabaki hapo ilipo. Ndugu akikuletea DVD kutoka Uingereza, kompyuta ikauliza kama ibadili kanda, usikubali kwa mazoea. Filamu za Kibongo na video za harusi kwa kawaida hazina kufuli hilo.

Halafu vumbi. Kuanzia kiangazi kinapokaza, udongo mweusi wa mbuga ukikauka na magari ya pamba yakipita, hakuna kifaa cha Simiyu kinachobaki safi. Lenzi ya draivu ni kitone cha kioo chenye mng'ao wa buluu kinachoonekana trei ikiwa nje, na kwenye draivu nyembamba husafiri na trei yenyewe, kwa hiyo hukaa hewani kila unapoifungua. Funika kifaa kwa kitambaa, kiweke kwenye mfuko usipokitumia. Lenzi ikishika ukungu, kijiti cha kusafishia masikio kilicholowa tone la spiriti, kigusishwe taratibu bila kukandamiza, kinatosha. Mkoa unaoongoza nchini kwa kulima pamba haukosi pamba ya kufutia kioo.

Diski yenyewe ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Kuizungushia kitambaa kama anayesugua sufuria huacha mikwaruzo inayofuata mkondo wa mstari wa taarifa, na mkwaruzo wa namna hiyo hufuta mengi kwa mfululizo. Wengi hulinda upande unaong'aa na kuulaza chini ule wenye maandishi. Kwa CD wamekosea upande. Plastiki ya upande unaong'aa ina unene wa karibu milimita 1.2, na mkwaruzo mwepesi hapo mara nyingi husomeka. Upande wa juu kuna rangi na vanishi nyembamba tu kati ya kidole chako na tabaka la taarifa. Kalamu ya kawaida ikikandamizwa hapo, imetoboa. DVD ina nafuu, kwani taarifa zake zimebanwa katikati ya sahani mbili za plastiki za milimita 0.6 kila moja. Adui wa zote zilizochomwa nyumbani ni jua: ile rangi hufifia. Diski iliyokaa dirishani au kwenye dashibodi ya gari haina miaka mingi.

Diski ikigoma kwenye draivu moja, usiitupe. Draivu hutofautiana katika kurekebisha makosa, na ile iliyokataliwa na ya nje mara nyingine husomwa na ya ndani ya kompyuta kuukuu ya steshenari. Ukifanikiwa, nakili mara moja.

Kuandika hakuhitaji maneno mengi. Kama shangazi wa Maswa bado ana deki na anataka nakala ya harusi, mchomee DVD-R, aina ambayo deki za zamani huielewa zaidi, chagua kasi ya wastani kama mara 4, na hakikisha programu imeifunga diski mwishoni. Isiyofungwa husomwa na kompyuta, lakini deki yaweza kuikataa. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski hiyo imekuwa kioo cha kujitazamia. Chomea kwenye mpakato iliyojaa chaji.

Harusi yako ni yako, nakili utakavyo. Filamu na muziki wa wengine vina wenyewe: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na tangu 2013 bidhaa hizo ziliwekewa stempu ya Mamlaka ya Mapato. Kumchomea mteja filamu kwa malipo ni biashara iliyoua biashara ya wasanii wengi, hata kama watu waliizoea.

Siku draivu itakapofika nyumbani, zimwage diski zote mezani na uzitenge mafungu mawili. Zenye kasha la kiwandani ziwekwe kando. Nakala zake nyingine zipo mahali fulani na plastiki yake inavumilia. Fungu la kwanza kuingia kwenye trei ni lile lisilo na picha wala kasha, lenye maandishi ya kalamu nene, na katika hilo ianze ile iliyokaa juu kabisa ya rundo, karibu na mwanga. Baada ya hapo anza kumtafuta aliyeazima 1/3.